Kupatwa kwa Jua na Uwezo wa Kiswahili

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba mambo ya anga hayaelezeki ila kwa Kiingereza. Dai hili halina mashiko. Kupatwa kwa jua ni ushahidi tosha.

Jua hupatwa mwezi unapopita baina yake na dunia, siku ambayo mwezi umefichika na bado haujaandama. Baada ya miandamo 223, yaani siku 6,585 na takriban saa 8, jua, mwezi na dunia hurudia mpangilio unaokaribiana sana na ule wa awali, na jua likapatwa tena kwa namna ile ile. Wanafalaki huuita mzunguko huu Sarosi. Katika saa 8 hizo za ziada, dunia hujizungusha thuluthi moja zaidi. Hivyo kivuli huangukia mbali upande wa magharibi. Mizunguko mitatu ikitimia, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, kivuli hurejea pande zile zile.

Mfano upo Afrika. Tarehe 29 Mei 1919 kivuli kilipita kisiwa cha Principe, ambako Eddington alipiga picha za nyota ili kuipima nadharia ya Einstein. Tarehe 30 Juni 1973 kilifika Loiyangalani, kando ya ziwa liitwalo sasa Turkana. Tarehe 2 Agosti 2027 kitapita Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6. Nchini Kenya jua litaonekana limemegwa tu.

Hayo yote yameelezwa kwa istilahi moja tu ngeni, Sarosi. Upungufu, basi, si wa lugha bali wa waitumiao. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Dalili ya kupatwa kwa jua ni hesabu. Asiyeelezwa hesabu hiyo kwa lugha anayoielewa hubaki na hofu, au hulikodolea jua lililomegwa bila kinga, akayadhuru macho yake.

Vyama vya Kiswahili vyuoni visingoje wanasayansi watafsiriwe. Vishirikiane nao mapema, viandae vipindi vya redio na makala za shule kabla ya Agosti 2027. Lugha isiyotumiwa kueleza jambo kama hili haiwezi kulaumiwa kwa kukosa maneno.