Bwana Shamba: Pima Bomba Kabla ya Kununua Viungo



Katika vijiji vingi, penye bomba la maji pana tope. Ndoo zinapojazwa maji humwagika, na yale yaliyomwagika hutuama. Mbu huzaliana. Ng'ombe huyakanyaga. Akina mama huteleza wakiwa na ndoo kichwani.

Vijiji vingine vimeamua kuyaongoza maji hayo mpaka kwenye migomba au bustani ya mboga. Huo ni uamuzi mzuri. Mahali pasipopita watu, mtaro wa wazi unatosha. Lakini penye njia ya watu na mikokoteni, mtaro hufukiwa upesi. Hapo linahitajika bomba la plastiki, yaani PVC, lililofukiwa ardhini.

Bomba lenyewe si tabu. Tabu ni viungo vyake: kona, tii na soketi. Najua kijiji kimoja ambacho kamati yake ilinunua mabomba katika duka moja, na kona katika duka jingine. Vyote viliitwa "inchi nne". Walipofika kijijini, kona zilipwaya. Wakajaza gundi na vitambaa. Mvua ya kwanza iliyonyesha, viungo vikaachia, maji yakachimba njia, na fedha za michango zikawa zimepotea.

Kwa nini kona zilipwaya? Kwa sababu "inchi nne" ni jina la sokoni tu. Liko bomba ambalo upana wake, likipimwa nje toka ukingo mpaka ukingo, ni milimita 110. Liko na jingine la vipimo vya zamani vya Kiingereza, lenye milimita 114. Yote mawili huitwa inchi nne. Tofauti ni milimita 4 tu, lakini gundi haiwezi kuziba nafasi hiyo. Gundi ya PVC haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo uso wa bomba na uso wa kiungo, vikashikana vikawa kitu kimoja. Pale ambapo plastiki haigusi plastiki, hakuna kinachoshikana.

"Inchi mbili" ndiyo mbaya zaidi. Mwenye duka anaweza kukupa bomba la milimita 50, la 60 au la 63, na kila moja akaliita inchi mbili.

Basi utajuaje? Kwanza soma maandishi yaliyo ubavuni mwa bomba. Wewe sasa unajua kusoma, usimwachie mwenye duka peke yake. Ukiona 110 x 3.2, maana yake upana wa nje ni milimita 110, na unene wa plastiki ni milimita 3.2.

Kama maandishi yamefutika, tafuta uzi usiovutika na futi ya fundi cherehani. Zungusha uzi mara moja kwenye bomba, ukaze, uweke alama pale unapokutana. Kisha unyooshe juu ya futi. Ukipata sentimita 34 na nusu, bomba hilo ni la milimita 110. Ukipata sentimita 36 kasoro kidogo, ni la milimita 114. Kwa mabomba madogo, karibu sentimita 16 ni bomba la milimita 50, karibu 19 ni la 60, na karibu 20 ni la 63. Anayependa hesabu agawe urefu wa uzi kwa 3.14, atapata upana.

Njia ninayoipenda zaidi ni hii. Kata kipande cha bomba chenye urefu wa shibiri moja, uende nacho dukani. Kiingize katika kila kiungo bila gundi, kabla ya kulipa. Kiingie kwa kusukumwa na mkono, kikaze. Kikipwaya, acha. Kisipoingia hata kidogo, acha pia.

Tena tazama ndani ya mdomo wa kiungo. Kama kuna mfuo wenye mpira, kiungo hicho hakitaki gundi. Paka maji ya sabuni mwishoni mwa bomba, sukuma mpaka ndani, kisha livute nje kiasi cha sentimita 1. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa maana bomba la mita 6 likipata joto la jua linaweza kurefuka kiasi hicho. Usipake mafuta wala grisi. Vitu hivyo huharibu mpira.

Je, bomba jeusi lile la roli? Hilo si PVC. Gundi ya PVC hailishiki kabisa, hata upana ukiwa sawa. Lina viungo vyake vya kukaza kwa mkono au spana.

Wako mafundi wanaopasha bomba kwenye moto wa mkaa ili kupanua mdomo, wasinunue soketi. Mimi sikubaliani nao. Mdomo huwa mwembamba, tena hauwi mviringo. Na plastiki ya PVC ikiungua hutoa moshi unaodhuru kifua. Bei ya soketi ni ndogo kuliko kazi ya kuchimba mtaro mara ya pili.

Penye kona kali majani na mchanga hukwama. Mahali pa kona moja ya nyuzi 90, weka mbili za nyuzi 45. Usitoke bomba kubwa kuingia dogo maji yakiwa yanateremka. Midomo ya mabomba itazame yanakotoka maji. Kwa bomba la milimita 110, mteremko wa sentimita 15 kwa kila bomba la mita 6 unafaa.

Mkishaunga, acheni gundi ikauke. Kisha, kabla ya kufukia, mwageni ndoo mbili tatu za maji kwa juu. Mmoja wenu atembee kando ya mtaro akitazama kila kiungo. Penye unyevu, kateni muunge upya siku hiyo hiyo. Udongo laini utangulie kurudi, mawe yasiguse bomba.