Stendi si ushamba, tuache kuvaa njumu sokoni

LEO naomba niwatoe kidogo kwenye Simba na Yanga. Najua kuna watakaofunua ukurasa wa pili hapa hapa, lakini subirini kwanza. Habari hii ilianzia uwanjani, na iliiponza timu.

Jumapili moja nilikuwa Shinyanga kwenye ndondo ya mtaani. Mechi ni saa 10 jioni, timu zinapasha, kipa hajafika. Kocha anazunguka na jezi ya kipa mkononi kama mtu anayenadi mitumba. Muda ukafika, refa hana mchezo, akapuliza. Langoni akasimamishwa beki mmoja mfupi, mwenye moyo lakini mfupi. Dakika ya 8 mpira wa juu ukampita kichwani, nyavu zikatikisika.

Dogo akaingia dakika ya 15, anasukuma baiskeli kwa mkono, grisi hadi kwenye magoti. Akavaa jezi, akadaka vizuri tu mpaka mwisho. Hakufungwa hata moja. Ila timu ililala 1-0, na bao lilikuwa lile lile la beki.

Baada ya mechi akaniamkia, nami nikamuuliza kulikoni. Baiskeli yake ni ya mtumba, ya gia, tairi nene, inapendeza kweli. Haina stendi. Alisimama dukani kununua maji, akaiegemeza kwenye nguzo, mbuzi akapita, ikaanguka upande wa kulia. Upande huo ndio wenye gia. Kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kikapinda, alipoanza kukanyaga gia ikaingia kwenye spoku. Mchezo ukaishia hapo.

Nikamwambia, mwanangu, si ungefunga stendi tu? Akacheka. "Mzee, stendi za kizamani hizo. Nikifunga watanicheka kijiweni."

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nani aliwaambia vijana wetu kwamba stendi ni ushamba?

Tuwe wakweli, fikra hii imetoka kwenye mashindano. Septemba 2025 dunia nzima ya baiskeli ilihamia Kigali, Rwanda, kwa Mashindano ya Dunia ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia akachukua ubingwa wa wanaume kwenye vilima vile, zaidi ya kilomita 260 kwa siku moja. Mwaka mmoja kabla yake, 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, ameibeba Tour hiyo mara 4. Vijana wanaangalia, wanaona baiskeli hazina stendi, keria, madigadi wala kengele. Wanasema, kumbe baiskeli ya kisasa ndiyo hiyo.

Sawa. Lakini muulize dogo huyo huyo: Pogačar akishuka kwenye baiskeli, nani anaishika? Anaishika fundi wa timu. Nyuma yake kuna gari lenye baiskeli nyingine juu ya paa. Yeye hatakiwi kwenda kununua unga wala kumpakia bibi kumpeleka kliniki. Baiskeli yake ina kazi moja tu, kwenda mbio. Kule uzito unahesabiwa kiasi kwamba shirikisho la dunia, UCI, limeweka sheria baiskeli isishuke chini ya kilo 6.8. Mtu anayepigania gramu hawezi kufunga kipande cha chuma ambacho hatakitumia.

Ile baiskeli ni njumu. Njumu ni kiatu kizuri sana, na bila njumu huchezi kwenye nyasi zenye umande. Lakini wewe shabiki umewahi kumwona mchezaji anakwenda sokoni amevaa njumu? Atateleza kwenye lami, ataziharibu, na watu watamshangaa. Kwenda sokoni kuna ndala. Sasa sisi tumewavalisha vijana njumu za sokoni, halafu anayevaa ndala ndiye tunamwita mshamba!

Kuna hoja ya uzito. Stendi ya pembeni ya alumini ina gramu 300 hivi. Ile chupa ya maji ya nusu lita aliyokwenda kununua dogo ni nzito kuliko hiyo. Kama si mbio za kulipwa, gramu 300 hazikuchelewesshi popote. Kilichomchelewesha kipa wetu ni kukosa gramu 300.

Sitaki kuwa shabiki wa upande mmoja, wenzetu wanaopinga wana pointi zao. Fremu za kaboni na zile za alumini nyembamba hazitaki kubanwa na stendi. Ukikaza boliti sana unaiponda bomba, na kaboni ikipata ufa haina fundi wa mtaani. Pia stendi ya bei rahisi hulegea, inaning'inia, ukikata kona inagusa chini na unaweza kuruka. Na stendi ya mguu mmoja kwenye tope la masika huzama, baiskeli inalala kama imechoka. Yote hayo ni kweli.

Ila dawa zake zinajulikana. Mwenye fremu ya kaboni aiache kama ilivyo. Mwenye fremu ya chuma amwone fundi, na kama fremu ina kibati cha stendi karibu na pedeli, aifunge hapo. Boliti ikazwe kwa kiasi na ikaguliwe mara kwa mara. Kwenye tope weka jiwe bapa chini ya mguu wa stendi. Na kama kazi yako ni mizigo, achana na mguu mmoja, chukua stendi ya miguu miwili.

Ile stendi ya miguu miwili ya baiskeli nyeusi, Phoenix na wenzake, tuiheshimu. Unaishusha, unaivuta baiskeli nyuma kidogo, gurudumu la nyuma linainuka, baiskeli inasimama wima yenyewe. Mtu mmoja, peke yake, anapakia gunia la mkaa bila msaidizi. Cheni ikitoka unairudisha ukiwa umechuchumaa, bila kuigeuza baiskeli miguu juu. Utotoni tuliikalia ikiwa kwenye stendi, tunakanyaga, gurudumu linazunguka hewani, tunakwenda mpaka Mwanza bila kutoka uani. Wengi wetu tulijifunza kukanyaga pale pale.

Tukija kwenye keria, nani atathubutu kuiita ushamba? Boda boda yenyewe ilizaliwa kwenye keria. Kabla ya pikipiki, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walifunga mto kwenye keria ya baiskeli nyeusi na kubeba abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Jina likatoka hapo, likasambaa Afrika Mashariki yote. Ajira ya mamilioni ya vijana ilianza na kipande cha chuma ambacho leo kijana mwingine anakifungua na kukitupa ili baiskeli "ikae kisasa".

Na hapa ndugu zangu wa kibanda umiza nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hili si la urembo. Mechi za Ulaya zinaanza usiku. Mnatoka kwenye kibanda saa 6 usiku, wengine mmefungwa, mna hasira, mnakanyaga kwenye barabara isiyo na taa. Baiskeli haina taa, haina hata kiakisi mwanga nyuma. Dereva wa lori anakuona ukiwa umebaki mita chache. Hapo hakuna refa wa kurudia tukio kwenye video.

Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani, ule wa Vienna wa 1968, unataka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi mwanga chekundu nyuma, na iweze kuwasha taa mbele na nyuma. Walioandika hayo hawakuwa wanapamba baiskeli. Walikuwa wanahesabu maiti. Kwa hiyo tutofautishe. Stendi ikikosekana, gia itapinda na timu itafungwa 1-0. Taa ikikosekana, tutakusanyika msibani.

Kuna atakayesema haya ni mawazo ya nchi maskini. Haya, twende Uholanzi, kwa akina Johan Cruyff. Nchi ile ina baiskeli nyingi kuliko watu. Imetoa mabingwa wa Tour de France, Jan Janssen 1968 na Joop Zoetemelk 1980, na kwa wanawake Demi Vollering 2023. Wanajua baiskeli, hawabahatishi. Sasa kaa pembeni ya barabara Amsterdam uangalie watu wanaokwenda kazini: stendi ipo, keria ipo, madigadi yapo, cheni imefunikwa suruali isichafuke, taa ipo, kengele inalia. Mtu na suti yake anateremka, anapiga stendi kwa kisigino, anaingia ofisini. Hakuna anayemwita mshamba.

Wenye kushindana nao wapo pale pale, na baiskeli zao nyembamba zisizo na kitu. Kila baiskeli na namba yake uwanjani. Huwezi kumlaumu kipa kwa kutofunga mabao, na huwezi kumwambia straika akae golini.

Ombi langu ni dogo. Wauzaji, baiskeli ya mjini iuzwe ikiwa kamili, msimuuzie mtu kiwiliwili halafu mkamuuzia mikono na miguu kivyake. Waandaaji wa mbio za baiskeli kule Kanda ya Ziwa, wekeni daraja la baiskeli ya kazi, yenye stendi, keria na mzigo wa kilo kadhaa, mshindi apewe zawadi ya maana. Mtaona kijiwe kinavyobadilisha lugha. Na wenye viwanja, mnatenga maegesho ya magari, basi chomeleeni na mabomba mawili matatu ya kuegemeza baiskeli. Shabiki wa baiskeli naye analipa kiingilio.

Kwa wewe kijana, kama unakwenda mbio, vua kila kitu, nenda mbio, siku moja tukuone kwenye jezi ya taifa. Kama unakwenda kazini, shule au mazoezini, funga stendi, weka taa, na acha wacheke.

Nilipoondoka Shinyanga yule dogo alikuwa kwa fundi, chini ya mwembe, ananyooshewa gia kwa mara ya pili. Fundi alimwonyesha stendi moja kuukuu inayomfaa, bei ya chini kuliko kazi aliyokuwa anaifanya. Dogo akaishika, akaigeuza, akatazama huku na huku kama kuna mtu wa kijiweni anayemwona.

Wiki ile walikuwa na mechi nyingine. Natumaini aliinunua.