Dada Hakuuliza Mambo ya Saluni

Ndugu zangu vijana, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma kimya kimya, leo sizunguki.

Kuna dada hapa Nakivale ana diplome d'Etat ya biochimie, alama nzuri kabisa. Alienda kuuliza namna ya kusoma sayansi ya maabara kwenye chuo kikuu cha Mbarara, hapo karibu. Mshauri wa shirika moja, jina naliacha, akamjibu: "Dada, hiyo ni ndefu sana. Kuna saluni, miezi mitatu, tena unapewa na vifaa." Saluni si aibu. Mama yangu alitulea kwa cherehani. Lakini dada hakuuliza mambo ya nywele!

Na sisi vijana tuna kosa letu. Kila mtu anataka udaktari, na ukisema unataka kuwa laboranti wanacheka: "Ati yule wa kupima mkojo." Haya, tuongee. Mtoto anawaka homa usiku. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa vijidudu vimeingia kwenye damu, na kwa macho yote yanafanana. Anayeyatofautisha ni yule anayepaka tone la damu kwenye kioo, anatia rangi ya Giemsa, anainama kwenye mikroskopu na kuhesabu. Mama akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, ni mtu wa labo anayelinganisha damu yake na ile ya mfuko. Akikosea, damu iliyokuja kumwokoa ndiyo inamuua. Na kile kipimo cha Widal tunachopenda sana, kinaweza kusema una taifodi juu ya ugonjwa wa zamani ulioisha. Aliyesoma anajua hilo. Asiyesoma anakuandikia dawa, na wengi wetu tumezimeza.

Tena Wakongomani ndio tusingecheka. Mwaka 1976 Daktari Jean-Jacques Muyembe alitoa wagonjwa damu kule Yambuku kwa mikono mitupu, bila glavu, na jibu likatafutwa Ulaya. Ebola ilipozuka Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, sampuli zilipimwa Kongo kwenye maabara za INRB, chini ya Muyembe yule yule.

Sasa narudi kwenu wa mashirika. UNHCR inasema inataka wakimbizi 15 katika kila vijana 100 wawe wamefika elimu ya juu ifikapo 2030. Sawa. DAFI ya Wajerumani ipo tangu 1992, na waombaji wanazidi nafasi kila mwaka. Hilo tunalielewa. Ila wengi wetu hatufiki hata kwenye foni ya kuomba. Diplome ya Kongo lazima ilinganishwe na UNEB: ada, tafsiri kutoka Kifaransa, safari. Wengine karatasi ziliungua pamoja na nyumba. Halafu Kiingereza. Halafu ukimaliza chuo, bila kusajiliwa na baraza la taaluma huruhusiwi kupima mtu, na hilo nalo linalipiwa. Mfadhili analipa karo, anapiga picha ya joho, anaondoka, kijana anabaki na digrii kwenye begi.

Na tusiambiwe mkimbizi haajiriwi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Kwenye vituo vya afya vya hapa, mtu wa labo anayeweza kumweleza bibi majibu yake kwa Kiswahili anahitajika leo, si kesho.

Basi mkikaa kupanga bajeti, kabla ya kuandika tena "saluni, watu 40", wekeni mstari wa UNEB, wa Kiingereza, na wa usajili. Hata kwa watu watano.

Yule dada diplome yake bado iko kwenye bahasha. Jioni anafundisha watoto wa jirani kemia, bure, chini ya mwembe.