Anayejua Kupima Ajue na Kusema

Mwaka 2016 jarida la tiba la The Lancet, la Uingereza, lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mbeya, pamoja na wenzao wa Munich, Ujerumani, walikuwa wamewafuatilia wakazi wa huko kwa miaka kadhaa, wakiwapima minyoo ya matende na mabusha na wakiwapima VVU. Walibaini kwamba aliyekuwa na minyoo hiyo mwilini alikuwa na hatari ya kupata VVU zaidi ya mara mbili ya jirani yake asiye nayo, na kwa vijana tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Wataalamu walikuwa wakilishuku jambo hilo muda mrefu. Damu ya watu wa Kyela ndiyo iliyolipa uzito.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya malezi ya watafiti wanaochipukia, na nimeanza na Kyela kwa sababu moja. Mfikirie kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi, yupo kazini miezi michache, naye anaambiwa asimame kwenye mkutano wa kijiji, tuseme Ipinda, aeleze matokeo hayo. Darubini anaijua. Takwimu anaziweza. Ana cheti cha maadili ya utafiti. Je, atasemaje?

Ugumu unaanza na sentensi ya kwanza. Akisema kwamba minyoo inaongeza hatari ya VVU, wasikilizaji wake tayari wanajua kwamba minyoo hiyo huletwa na mbu. Wamelisikia kila walipogawiwa kingatiba. Hesabu inajifunga yenyewe vichwani: mbu analeta minyoo, minyoo inaleta UKIMWI, basi mbu analeta UKIMWI. Hilo ni hitimisho la mtu mwenye akili timamu aliyepewa habari nusu. Kazi ya miaka na miaka ya kuwaelewesha watu kwamba VVU haviambukizwi na mbu inaweza kubomolewa na sentensi moja ambayo kisayansi haina kosa lolote.

Kisha yupo mzee mwenye busha, amekaa nyuma chini ya mwembe. Kijana akitamka neno mabusha na neno UKIMWI kwa pumzi moja, nusu ya mkutano utageuza shingo kumtazama. Alitakiwa aanze kwa kusema kwamba wengi wenye minyoo hii hawana dalili yoyote inayoonekana, na kwamba kwa mwenye uvimbe, huenda minyoo ilishakufa mwilini mwake zamani. Mpangilio huo wa maneno unamlinda mtu mzima na aibu asiyostahili. Nani alimfundisha kijana huyu kuupanga hivyo?

Na hiyo "mara mbili" inahitaji kufunuliwa. Katika kila watu 100 wasio na minyoo, hakufika hata mmoja aliyepata VVU kwa mwaka. Katika kila 100 wenye minyoo, walikuwa karibu wawili. Kauli zote mbili, ile ya "mara mbili" na hii ya kila watu 100, ni kweli na zinatokana na namba zilezile. Ya kwanza inatia hofu, ya pili inampa msikilizaji kitu cha kupima mwenyewe. Baada ya hapo kijana aeleze dawa: kwamba ivermectin na albendazole huua zaidi minyoo michanga iliyomo kwenye damu, kwamba minyoo mikubwa inaweza kuishi miaka kadhaa, na ndiyo maana kingatiba hurudiwa kila mwaka. Aseme pia, bila kuzungukazunguka, kwamba aliyemeza kingatiba hajachanjwa dhidi ya VVU, na kwamba kondomu na kupima vinabaki palepale.

Sasa mama mmoja muuza mchele anyooshe mkono aulize: si ni kwamba wanaume wanaokesha nje, ziwani na vilabuni, ndio wanaoumwa na mbu, na haohao ndio wenye kutembea ovyo? Swali hilo ndilo ambalo wahakiki wa jarida lolote kubwa wangeliuliza kwanza. Watafiti walilijibu katika hesabu zao, kwa kuzingatia umri, jinsia na mwenendo wa ngono wa washiriki, na tofauti ikabaki. Wanadhani sababu ni kwamba minyoo huziamsha chembe za kinga za aina ambayo VVU huziingia kwa urahisi. Lakini kijana asiyeweza kumjibu mama yule kwa Kiswahili kilichonyooka hajauelewa utafiti wake, hata kama jina lake limo kwenye orodha ya waandishi. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaoona mawasiliano kama mapambo ya kutia mwishoni, kazi ya kumwachia afisa uhusiano. Kueleza ni sehemu ya kupima. Anayeeleza vibaya mara nyingi amepima bila kujua alichopima.

Ustadi huo haupatikani kwa semina ya siku mbili yenye chai na vitafunio. Hupatikana kwa kukaa kando ya mtu anayeujua. Na ukweli mchungu ni kwamba wasimamizi wengi wa utafiti nchini hawajawahi kuonekana na wanafunzi wao kwenye mkutano wa kijiji. Profesa anasoma sura za tasnifu, anasahihisha marejeo, anatia saini. Kijana anatumwa uwandani na dereva pamoja na rundo la fomu za ridhaa. Mazungumzo yenyewe anaachiwa msaidizi wa utafiti aliyezaliwa hapo, anayejua Kinyakyusa, anayejua ni nyumba ipi yenye msiba na ni mzee yupi wa kumwona kwanza.

Mgawanyo huo wa kazi una historia ndefu huku kwetu. Katika miaka ya 1930 Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti wao wa maisha ya Wanyakyusa, katika nchi inayoshuka kutoka mlima Rungwe hadi ufukwe wa Nyasa. Godfrey akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone mwaka 1938. Monica akawa profesa Afrika Kusini, na vitabu vyake bado vinasomwa. Nyuma ya kazi hiyo alikuwapo Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani aliyewafungulia milango na kuwafafanulia waliyokuwa wakiyaona. Wageni walilelewa na mwenyeji katika ufundi wa kuuliza na kusikiliza, lakini cheo cha mtafiti hakikumfikia mwenyeji. Namtaja Mwaisumo hapa kwa heshima, na kwa sababu wapo wenzake wengi leo, katika miradi yetu wenyewe, tunaowaita "wadodosaji" na kuwalipa posho ya siku. Wao ndio walezi wa mawasiliano ambao hatujawapa jina hilo. Kijana anayetoka chuoni apelekwe kwao kama mwanafunzi.

Monica Wilson aliandika jambo jingine ambalo linatufaa. Katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, alieleza jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyotoka kwenye vijiji vya baba zao na kujenga vijiji vya rika lao, na jinsi watu wale walivyoamini kwamba hekima hukomaa katika mazungumzo ya wenza. Sisi tumejenga taaluma ambamo kijana huzungumza na mtu mmoja tu, msimamizi wake, naye humwogopa. Makosa ambayo asingethubutu kuyafichua mbele ya bosi angeyaweka wazi mbele ya rika lake, kama rika hilo lingekutana.

Kuhusu woga huo, Watanzania tuna kisa chetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa moto wa aisikrimu ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alilirudia swali lake mbele ya Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka, alilipeleka maabara likajaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya maji yaliyoganda, na wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya maji hayo. Mimi nakisimulia kwa ajili ya muundo wa makala ile. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, akisimulia kwa sauti yake mwenyewe alichokiona na alivyochekwa, ndipo Osborne anafuata na vipimo. Mlezi alimpisha kijana atangulie kusema. Naona huo ndio ulezi ulivyo.

Kusikiliza nako kunafundishwa. Kyela kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), na samaki mmoja muhimu wa Ziwa Nyasa ni usipa, yule mdogo anayeanikwa mchangani. Usipa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapong'aa taa hupoteza nguvu yake. Kijana mwenye ratiba nzuri ya sampuli aliyoipanga Dar es Salaam anaweza kufika mwaloni Matema wiki ya mwezi mpevu, akapima ndoo chache, akaandika kwamba samaki wamepungua. Mvuvi yeyote angemwambia arudi mwezi ukiingia gizani. Lakini lazima amuulize, na amuulize kabla ya kufungua daftari, baada ya salamu ndefu ambazo watu wa kule hawapendi zikatwe. Data safi hutoka kwenye salamu hizo. Sijaona kitabu cha mbinu za utafiti kinachoziandika, nami naona ni upungufu mkubwa.

Najua hoja za wasimamizi. Wanafunzi ni wengi, wafadhili wanahesabu machapisho, na hakuna anayepandishwa cheo kwa kusimama Ipinda. Ni kweli, na vyuo vyetu vinapaswa kulibadili hilo. Lakini damu na muda wa watu wa Kyela havikutolewa kwa ajili ya kupandisha vyeo, na mtu aliyetoa damu yake ana haki ya kuambiwa ilionyesha nini, kwa maneno anayoyaelewa, na mtu anayeweza kumjibu akiuliza.

Kwa hiyo bodi ya uhariri imeamua. Kuanzia toleo lijalo, kila makala ya mtafiti anayechipukia itakayoletwa kwetu iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza matokeo, ambao mwandishi ameusoma kwa sauti mbele ya watu wa mahali alipokusanya data. Chini yake aandike maswali aliyoulizwa, hasa yale aliyoshindwa kuyajibu. Msimamizi atie saini kwamba alikuwapo na alisikiliza, na jina la msaidizi wa uwandani aliyeshiriki mazungumzo liandikwe, kama mwenyewe ataridhia. Ukurasa huo tutauchapisha pamoja na makala, kwa herufi za ukubwa uleule. Wasimamizi, tunawaomba msiwatume vijana peke yao. Pandeni nao gari hadi kijijini.