Tuyarudishe mabaraza ya miji, lakini si yale ya kanjo

Dereva yeyote wa trela anayepakia Kilindini anaijua Salgaa. Ukishaipita Nakuru ukielekea Eldoret, unafika kwenye kituo hicho kilichozaliwa na malori: hoteli, gesti, maduka ya vipuri, wachoma nyama, na trela za kwenda Uganda, Rwanda na Kongo zimeegeshwa pembeni. Wengine wetu tunaijua kwa msiba. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, hapo karibu, wakafa watu 36.

Mara ya mwisho nilipolala huko, mama mmoja anayeuza chakula kando ya barabara aliniuliza swali lililonishinda. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, nayo inapita mbele ya kibanda chake. "Sasa baba, sisi wa hapa tukamwone nani?" Nikamwambia aende kwa MCA wake. Akacheka. MCA ana wadi nzima, akasema, ana mashamba na vijiji. Salgaa kwake ni stendi moja tu.

Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa. Salgaa haikuwa na baraza lake, lakini jirani yake Molo ilikuwa nalo. Huku kwetu Kilifi, Kwale na Mariakani zilikuwa na mabaraza ya mji. Malindi na Mombasa zilikuwa manispaa. Ugatuzi ulipoingia yote yakafutwa. Tulisherehekea, na sikatai kwamba nami nilikuwemo. Nani angelilia askari wa kanjo waliokimbizana na wachuuzi, au wafanyakazi waliokaa miezi bila mshahara?

Ila tusiwabebeshe madiwani lawama zote. Sheria ya 1969 iliyapokonya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, ikayaachia kazi ndogo na mapato madogo. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa na serikali 1983, likaongozwa na tume ya kuteuliwa hadi 1992. Unamfunga mtu mikono, kisha unamcheka hawezi kuogelea.

Leo tuna Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Ilirekebishwa 2019 ili manispaa ihitaji watu 50,000, badala ya 250,000 za awali. Hapo ni sawa. Tatizo ni wanaokalia viti. Wajumbe wa bodi ya manispaa huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Baadhi hupendekezwa na vyama vya wafanyabiashara na wakazi, lakini hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na wenye mji. Fedha nazo? Kifungu cha 207 cha Katiba kinaelekeza mapato ya kaunti yaingie Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Ada ya kibanda cha Salgaa au Mariakani inaingia chungu kimoja na ya kila mahali, na kurudi kwake kunategemea nani ana sauti bungeni wakati wa bajeti.

Watanzania walishapita njia hii. Walifuta serikali za mitaa 1972, wakatunga sheria ya kuzirudisha 1982, na halmashauri za wilaya zikafunguliwa tena 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Walichukua miaka kumi na mbili. Sisi tumeshaipita hiyo.

Ninachotaka si kurudisha Sheria ya zamani ilivyokuwa. Wakazi wa mji wachague kamati yao siku ileile ya uchaguzi mkuu, kwa karatasi yake. Wajumbe walipwe posho ya kikao tu, maana mishahara ya viongozi imeshatulemea. Na sheria itaje asilimia ya ada zilizokusanywa mjini ambayo lazima itumike papo hapo: taa, vyoo, mitaro, maegesho. Kwa miji inayoishi kwa barabara, wahesabiwe pia wanaolala, si wakazi pekee. Salgaa ya usiku si Salgaa ya mchana, na choo hakiulizi mtu kitambulisho.

Magavana hawatalipenda hili. Hakuna anayefurahia kugawa uteuzi na fedha, na wabunge wa kaunti wataona wanazaliwa wapinzani ndani ya wadi zao. Kwa hiyo mswada hautatoka huko. Utoke kwa maseneta, ambao kazi yao ni kulinda ugatuzi. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Wa Kilifi, Kwale na Mombasa wanaomba kura zetu tena. Tuwaulize sasa, kabla tingatinga halijafika kwenye kibanda cha yule mama.