Lipa Fundi Pesa ya Kuangalia

Wasee, leo nakuja na maoni ambayo najua yatawachoma baadhi yenu. Hasa nyinyi mnaoringa mkisema, "Fundi wangu huwa hanilipishi kuangalia tu." Mimi pia nilikuwa naringa hivyo, mpaka gari ya guka ikanifunza adabu.

Guka ana Volkswagen Beetle. Ile ya mgongo wa duara, injini nyuma, buti mbele. Ndiyo ilimpeleka shosho hospitali siku mathe alizaliwa. Na kabla useme ni mkebe, jua kwamba hii gari ndogo ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Kwa hivyo heshima kidogo.

Sasa, mwaka jana rivasi ilianza kulia. Unakanyaga klachi hadi chini, unaweka rivasi, inapiga krrrrr kama posho mill imekula jiwe. Mimi mjuaji wa intaneti nikatazama video mbili, nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikatoa gurudumu la nyuma kushoto. Hapo kando ya giaboksi kuna nati yenye masikio inayokaza kebo ya klachi. Nikaizungusha. Rivasi ikaingia kimya kabisa. Nikawapostia: "Nimetengeneza klachi ya guka na 0 bob." Mkanipigia makofi, wengine mkaniita injinia.

Kitu sikuwapostia ni hiki: baada ya wiki moja, krrrrr ikarudi. Nikakaza tena. Ikarudi tena. Mara ya tatu nati ilikuwa imefika karibu mwisho wa nyuzi zake, na mimi nikanyamaza.

Guka akaipeleka kwa fundi mmoja. Huyo fundi alisikiza ule mlio mara moja, mikono bado iko mfukoni, akasema, "Mzee, klachi imeisha. Tunashusha injini, tunaweka seti nzima mpya." Bei: 28,000. Guka alirudi nyumbani bila kusema kitu. Jioni mjomba akaleta ile stori ya msee anayenunua magari mazee kwa kilo, ati apigiwe simu. Guka hakusema ndiyo, lakini pia hakusema hapana. Hiyo ndiyo ilinitisha. Nilimwona shosho ameinamisha kichwa, anachagua mchele uliokuwa umeshachaguliwa.

Kesho yake nikatafuta fundi mwingine, mzee mmoja aliyezeeka na hizi Volkswagen. Jambo la kwanza aliniambia: "Kijana, kuangalia ni elfu moja. Ukitengenezea hapa au kwingine, hiyo ni yangu." Nilikasirika, si utani. Elfu moja ya macho tu? Lakini nikikumbuka mtu wa kilo, nikatoa.

Sikiza sasa alichofanya na hiyo elfu.

Kwanza aliuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Hii nati imekazwa mara ngapi?" Nikakubali makosa. Mara tatu, ndani ya mwezi mmoja.

Pili, akanifafanulia kwamba klachi ina magonjwa mawili ambayo watu huchanganya. Klachi pleti inabanwa katikati ya flaiwili ya injini na presha pleti. Ukikanyaga, inaachiliwa. Ukitoa mguu, inabanwa tena. Kwa hivyo inaweza kukataa kushika, au inaweza kukataa kuachilia. Ikikataa kushika, unapanda mlima, injini inapiga kelele lakini gari haiongezi mwendo, na wakati mwingine kuna harufu ya kuungua. Ikikataa kuachilia, gia zinalia, na rivasi ndiyo hulia ya kwanza kwa sababu kwa hii gari haina kile kifaa cha kulainisha gia kuingia kama zile za mbele.

Tatu, akapima. Akavuta handibreki, akahakikisha hakuna mtu mbele, akaweka gia ya 4, akaachilia klachi polepole. Injini ikazimika hapo hapo. "Umeona? Pleti inashika. Ingekuwa imeisha, injini ingeendelea kunguruma." Halafu injini ikiwa imetulia, akakanyaga klachi, akahesabu sekunde chache, akajaribu rivasi. Krrrrr. Ugonjwa ni wa kuachilia, si wa kushika.

Nne, akaingia chini na tochi, mimi nikikanyaga pedali. Mkono wa klachi kwa giaboksi ulikuwa unasonga kidogo tu. Kwa Beetle, nguvu ya mguu wako inapita kwa kebo moja ndefu, kutoka kwa pedali, kupitia ndani ya lile tuta la katikati ya gari, mpaka nyuma kwa giaboksi. Kebo ikirefuka, unakanyaga hewa. Akaifungua, akaivuta, akaniwekea mkononi. Upande wa mbele, pale inashikana na pedali, nyaya zake ndogo zilikuwa zimekatika moja baada ya nyingine. Zilibaki chache, zimenyooka kama nywele.

Hapo nikaelewa. Kila nilipokaza nati, nilikuwa naficha kebo inayokufa. Siku moja ingekatika kabisa, na guka hupanda Limuru usiku na ukungu wote ule.

Kebo mpya ilikuwa 1,500 na kazi 2,000. Akaipaka grisi, akaangalia kwamba ule mpira unaoibeba kebo hapo nyuma umelegea kidogo, kwa sababu ukinyooka sana gari hutetemeka ukitoka. Akaweka pedali icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma. Alinionya pia: ukikaza mpaka isicheze kabisa, klachi itaanza kuteleza na beringi yake itaisha mapema. Jumla, na ile elfu ya macho, 4,500.

Sasa maoni yangu ndiyo haya. Najua mtataka tumtukane yule fundi wa kwanza. Mimi sitaki. Hebu fikiria maisha yake. Akitumia saa nzima chini ya gari, akupate jibu, utamwambia "asante boss" uende ununue kebo ufungiwe na binamu yako. Macho yake hayalipwi. Analipwa tu kitu kikitolewa na kingine kikiwekwa. Basi kwa nini asikisie? Na akikisia, kwa nini asikisie ile kubwa? Sisi ndio tumemfunza hivyo, kwa kuita ujuzi wake bure.

Ukienda kliniki, unalipa kuonwa na daktari hata kama atakuambia unywe maji ulale. Hujawahi kumwambia, "Daktari, nitalipa tu ukinidunga sindano." Kwa gari tunasema hivyo kila siku, halafu tunashangaa tukidungwa sindano.

Kuna msee ataandika kwa komenti, "Nikilipa ya kuangalia, si ataila na bado anidanganye?" Inawezekana. Ndiyo maana elfu yako inakupa haki ya maswali matatu: Unadhani ni nini? Umejuaje? Nionyeshe. Fundi anayejua atakuonyesha, hata atafurahi, kwa sababu wachache humuuliza. Akianza kukasirika kabla hujafika swali la tatu, funga boneti uende. Na kuna siku pleti itakuwa imeisha kweli, injini itashushwa, na utalipa. Lakini utakuwa unalipia ugonjwa ulioona kwa macho yako.

Halafu sisi wa kupost. Tunapenda ile video ya kabla na baada, sekunde 30, muziki juu. Katikati, pale mtu anasimama anakuna kichwa akitafuta shida iko wapi, tunakata. Na hapo katikati ndipo kazi yote iko.

Jumamosi iliyofuata guka alikaa kwa usukani, akakanyaga, akaweka rivasi. Kimya. Akatoka na gari kinyumenyume mpaka nje ya geti, shosho akiwa kando anapiga kelele "polepole, polepole" kama kawaida yake. Mjomba hakutaja kilo tena.

Ile video yangu ya 0 bob bado iko, sijaifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: NILIKOSEA, ILIKUWA KEBO. Kama ulikaza nati yako kwa sababu yangu, tafadhali, iangalie tena. Na ukipeleka gari kwa fundi, beba elfu ya kuangalia.