Mihadhara ya mambo ya nje izungumzwe kwa lugha ya wananchi

Kalenda ya mwaka ina siku nyingi zinazoalika mazungumzo ya hadhara kuhusu uhusiano wa mataifa. Mei 25 ni Siku ya Afrika, Juni 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani na Oktoba 24 ni Siku ya Umoja wa Mataifa. Siku hizo zinapokaribia, vyuo vikuu, balozi, taasisi za utafiti na asasi za kiraia huandaa mihadhara na makongamano Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kampala. Hilo ni jambo jema, na waandaaji wanastahili shukrani. Lakini mengi ya makongamano hayo huendeshwa kwa Kiingereza, katika kumbi za hoteli au za vyuo, asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya watu waliopewa kadi za mwaliko. Mada zinamgusa kila mtu, ila wanaozisikia ni walewale. Naamini kwamba mhadhara wa mambo ya nje unaoandaliwa katika nchi zetu uwe kwa Kiswahili, mahali na saa ambayo mwananchi anaweza kufika. Usipokuwa hivyo, hauna haki ya kuitwa wa hadhara.

Mambo yanayoamuliwa mbali hayakai huko mbali. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano, mafuta ya kula na mbolea ilipaa katika masoko ya dunia. Mkulima wa mahindi wa Songwe na mwenzake wa Trans Nzoia waliiona vita hiyo kwenye bei ya mfuko wa mbolea, na Serikali ya Tanzania ikaanzisha ruzuku ya pembejeo hiyo katika msimu wa 2022/23. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya kwenda Ulaya ikarefuka kwa siku nyingi. Parachichi haina subira hiyo, na wakulima wa Njombe na Murang'a wanalijua hilo kuliko mchambuzi yeyote wa siasa za Mashariki ya Kati. Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana Dar es Salaam, Februari 8, kutafuta njia ya kusitisha mapigano. Waliokuwa wakikimbia mabomu Kivu walikuwa wakiitana kwa Kiswahili, na mji mwenyeji wa mkutano huo ni wa Waswahili. Ni vigumu kueleza kwa nini mjadala wa vita hiyo katika kumbi zetu uhitaji lugha nyingine.

Kuna pia suala la uwajibikaji. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kulaani uvamizi wa Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia kupiga kura. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawanyika. Kenya na Rwanda ziliunga mkono, huku Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zikijizuia. Kila upande unaweza kuwa ulikuwa na sababu nzito. Wapo wanaoamini kwamba kutofungamana na upande wowote ndiyo hekima ya nchi ndogo, na wapo wanaosema kwamba Afrika, ambayo mipaka yake inalindwa na kanuni tu, haiwezi kunyamaza kanuni hiyo inapovunjwa. Hoja hizo mbili zinastahili kupimwa mbele ya watu. Mwananchi aliyepigiwa kura huko New York kwa jina la nchi yake ana haki ya kuelezwa sababu, na kuelezwa kwa lugha anayofikiria nayo.

Hili si jambo geni kwetu. Kuanzia 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, uamuzi ambao uliigharimu nchi changa misaada iliyokuwa ikiihitaji sana. Novemba 1978, majeshi ya Iddi Amin yalipokuwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wazee wa Dar es Salaam kwa nini nchi inakwenda vitani, na aliwaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka hadi leo. Taifa maskini haliwezi kuombwa kujinyima kwa ajili ya Msumbiji, Angola na Zimbabwe bila kwanza kuelewa ukoloni na ubaguzi ni nini. Kuna atakayesema kwamba enzi zile zilikuwa za chama kimoja na redio moja, na kwamba kueleza si sawa na kujadili. Anasema kweli. Ndiyo maana ninachoomba leo ni zaidi ya hotuba. Ninaomba mhadhara wenye maswali, wenye mtu wa kupinga na wenye mtaalamu aliye tayari kukosolewa.

Wengine husema mwananchi wa kawaida hapendezwi na mambo ya mikataba na mataifa. Mwaka 2023 uliwakosoa. Makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia Juni 10, 2023. Yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa lugha ya wanasheria. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa nchi nzima ilijadili vifungu vyake: kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala, redioni, mitandaoni na katika nyumba za ibada. Kesi ilifunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, na mahakama ikaitupa Agosti mwaka huo. Maaskofu Katoliki walitoa tamko. Oktoba 2023 ikasainiwa mikataba ya utekelezaji yenye ukomo wa miaka 30. Mtu anaweza kuwa upande wowote wa suala lile na bado akakiri mambo mawili. Kwanza, watu waliuliza maswali ya msingi kabisa ya sheria ya kimataifa: mkataba una ukomo gani, unavunjwaje, mgogoro unaamuliwa wapi. Pili, waliuliza wakiwa wamechelewa, Bunge likiwa tayari limeamua, na pengo lile likajazwa na uvumi na maneno ya ubaguzi. Mihadhara michache ya wazi kabla ya Juni, kwa Kiswahili, mwanasheria akisoma kifungu baada ya kifungu, ingelipunguza joto lile kuliko matamko yote yaliyofuata.

Kenya inatupa somo lililo karibu na hilo. Katiba ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa unakuwa sehemu ya sheria za nchi, na inataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Serikali ilipoamua kupeleka polisi Haiti, wananchi walikwenda mahakamani, na Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema hatua hiyo haikufuata sheria kwa kuwa hapakuwa na makubaliano yanayotakiwa kati ya nchi hizo mbili. Polisi wa kwanza waliondoka Juni, baada ya makubaliano hayo kusainiwa. Suala la nchi ya Karibi lilikuwa limegeuka suala la mama wa Kakamega ambaye mwanawe ni askari. Mama huyo angefaidika na mhadhara kuhusu historia ya Haiti na ya misafara ya kigeni iliyotangulia kuliko mwanadiplomasia ambaye tayari ameisoma.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la lugha yenyewe: kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Pingamizi hili limeshajibiwa kila siku kwa zaidi ya miaka 60. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza 1957, Sauti ya Amerika ikafuata 1962 na Deutsche Welle 1963. Watangazaji wa idhaa hizo na wa redio zetu, pamoja na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa BAKITA, ndio waliotupa Baraza la Usalama, vikwazo, usuluhishi, usitishaji mapigano na nchi zisizofungamana na upande wowote. Lichukueni neno moja tu, kura ya turufu. Yeyote aliyecheza karata anajua turufu ni nini: ile inayokula karata nyingine zote hata ikiwa ndogo. Neno hilo linaeleza mamlaka ya wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama kwa ufasaha kuliko neno la Kilatini linalotumiwa na wenye Kiingereza.

Turufu hiyo inatuhusu kwa karibu. Mwaka 1981 Dkt. Salim Ahmed Salim, Mzanzibari aliyekuwa ameliongoza Baraza Kuu miaka miwili kabla, aligombea nafasi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Duru baada ya duru Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, China nayo ikimzuia Kurt Waldheim wa Austria, hadi nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Muhula wa António Guterres unafikia mwisho Desemba 31, 2026, na kumpata mrithi wake kunapitia mlango uleule wa Baraza la Usalama. Sioni mada bora zaidi kwa mhadhara wa wazi: kijana wa Kariakoo au wa Malindi asimuliwe yaliyompata Dkt. Salim, aelezwe jinsi Katibu Mkuu anavyopatikana, kisha aulize kwa nini Afrika yenye nchi 54 haina hata kiti kimoja cha kudumu. Hakuna katika masimulizi hayo neno ambalo Kiswahili kinalikosa.

Wengine huuliza: mgeni asiyejua Kiswahili afanyeje? Atafsiriwe. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwawekea wakalimani mashahidi wa Kinyarwanda ili wasikike katika kesi nzito kuliko kongamano lolote. Tunao wakalimani waliosomea kazi hiyo, na wengine wanatafuta ajira. Joaquim Chissano aliwahutubia viongozi wenzake wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili Addis Ababa mwaka 2004. SADC ilikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi Februari 2022. Ni aibu lugha hiyo ikubalike Addis Ababa, kisha ionekane haifai katika ukumbi wa Posta au wa Kurasini. Paris hujadili dunia kwa Kifaransa na Berlin kwa Kijerumani, na hakuna anayedhani kwamba wanajifungia. Kiingereza tuendelee kukifundisha na kukitumia, kwa kuwa kinatufikisha kwa wengi, lakini kisiwe kizingiti cha kuingilia katika nyumba yetu wenyewe.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ni zito: diplomasia inahitaji faragha, na mambo mengine yakitajwa mapema huharibika. Ni kweli kwa mazungumzo ya usuluhishi. Makubaliano ya Arusha kuhusu Burundi, yaliyosainiwa Agosti 28, 2000, yasingefikiwa kama kila pendekezo lingetangazwa siku lilipotolewa mezani. Lakini mhadhara si meza ya usuluhishi. Unazungumzia sera ambayo imeshatangazwa, kura ambayo imeshapigwa, mkataba unaosubiri kuridhiwa. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa, na mbunge hawezi kuwawakilisha watu katika jambo ambalo hawajalisikia.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Makongamano yafanyike Jumamosi au jioni, katika kumbi za manispaa, maktaba za mikoa na shule, na redio za jamii ziyarushe moja kwa moja. Nusu ya muda iachwe kwa maswali, na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili utolewe kabla. Yatoke pia nje ya Dar es Salaam na Nairobi. Kigoma imewahifadhi wakimbizi wa Kongo katika kambi ya Nyarugusu tangu 1996. Mtwara inapakana na Cabo Delgado, ambako vita vilianza Oktoba 2017. Tanga ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Watu wa mikoa hiyo wanaishi ndani ya mambo ya nje kila siku, na wana ya kuwafundisha wataalamu pia. Wizara nayo iweke tafsiri ya Kiswahili ya kila mkataba mkubwa hadharani kabla haujafika bungeni. Sera ya mambo ya nje iliyozinduliwa Tanzania Mei 2025 inataja kukikuza Kiswahili duniani, na kazi hiyo ianzie nyumbani.

Nawaomba waandaaji waliokwisha kupanga mihadhara ya miezi ijayo waitazame upya ratiba yao: lugha, mahali, saa. Nawe msomaji, utakapoona tangazo la mhadhara kuhusu Kongo, Umoja wa Mataifa au mkataba wa biashara, nenda. Ukikuta mlango umefungwa kwa kadi au kwa lugha, wapigie simu waandaaji, uwaulize kwa adabu kabisa: mazungumzo haya ya hadhara mmemwandalia nani?